Sura ya Sita: Luku, Mita Janja na Zile Yuniti 75

Tarehe 24 Novemba 2024 ilikuwa siku ya mwisho kwa mita zote za luku zilizokuwa hazijaboreshwa. Miezi kadhaa kabla ya hapo, mtu aliyenunua umeme Somanda, Nyakabindi au Lamadi, hapa Simiyu, alishangaa kuona simu imemletea tarakimu nyingi kuliko alizozoea: mafungu matatu ya namba 20 badala ya fungu moja. Fungu la kwanza na la pili yalitakiwa kuingizwa kwanza, kwa mpangilio, ndipo la tatu lilete yuniti. Wapo waliodhani wametapeliwa. Katika nyumba nyingi kazi ilimwangukia mtoto wa shule, akakaa mbele ya rimoti na kubonyeza tarakimu 60 huku bibi yake akimsomea kutoka kwenye simu.

Wengi walibonyeza bila kuelezwa sababu, nayo inafaa ijulikane. Kila tokeni hubeba ndani yake alama ya wakati iliponunuliwa, ili isiweze kutumika mara mbili. Wakati huo huhesabiwa kwa dakika, kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inatosha dakika 16,777,216 tu. Dakika hizo ni karibu miaka 32, na zilikwisha Novemba 2024. Haikuwa kasoro ya shirika la umeme, TANESCO, wala ya Tanzania. Utaratibu huu wa tokeni za namba 20 ulianzia Afrika Kusini, ukaenea nchi nyingi duniani, na kila nchi inayoutumia ililazimika kuzirudisha mita zake mwanzo wa hesabu mpya.

Ninaanza na tukio hili kwa sababu linaonyesha, kuliko maelezo yoyote ya kitaalamu, mita tuliyonayo ni kifaa cha namna gani. Mita ya luku hupokea maelekezo kupitia vidole vya mteja peke yake. Ofisi ilipotaka kubadilisha kitu kidogo ndani yake, haikuwa na njia ya kuifikia, ikabidi mamilioni ya wateja wafanye kazi ya fundi, nyumba baada ya nyumba, bila mafunzo na bila malipo. Mita janja inaiondoa hali hiyo. Ina laini yake ya mawasiliano, inatuma taarifa ofisini na kupokea amri kutoka huko. Ukinunua umeme kwa simu, yuniti zinaingia zenyewe. Umeme ukikatika, inaweza kutoa taarifa kabla haijazimika. Ukiifungua kifuniko, inakusemea.

TANESCO imeanza kuzileta mita hizi kwa wateja wa majumbani, baada ya miaka mingi ya kusoma kwa mbali mita za wateja wakubwa kama viwanda. Kwa hiyo swali limefika hata Simiyu: je, kaya ikubali kubadilishiwa?

Jibu langu ni ndiyo. Lakini ndiyo hiyo ina masharti, na ina jambo la kutangulia ambalo kwa kaya nyingi za Bariadi lina fedha nyingi zaidi kuliko mita janja yenyewe. Naomba msomaji anivumilie nianze na jambo hilo.

Ili kulifikia, tuanzie Ulaya, ambako mita janja iliuzwa kwa wananchi kwa hoja kwamba mtu akiona matumizi yake atabana. Italia ilianza mwaka 2001, kampuni ya Enel ikafunga zaidi ya milioni 30. Uingereza ilifuata kwa kampeni kubwa, na kila mteja akapewa kioo kidogo cha kumwonyesha jikoni anachotumia. Ubanaji uliopatikana ulikuwa wa asilimia chache. Kwa Mwingereza aliyezoea kuletewa bili baada ya miezi mitatu, kioo kile kilikuwa kitu kipya. Kwa mama wa Bariadi si kipya hata kidogo. Tangu luku ilipoingia nchini miaka ya 1990, na kirefu chake ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, yeye analiona salio la yuniti zake ukutani. Anajua pasi ya umeme inakula nini. Anajua luku ikianza kulia usiku amebakiwa na kiasi gani. Atakayekuja kumwambia kwamba mita mpya itamfundisha kubana umeme atakuwa anamfundisha kitu anachokifanya kila siku.

Asichokiona kwenye luku yake ni bei anayotozwa kwa kila yuniti.

Kwa bei zilizowekwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, mwaka 2016 na kuendelea kutumika miaka iliyofuata, mteja wa nyumbani huwa katika moja ya makundi mawili. Kundi la D1 ni la matumizi madogo: yuniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja, na zinazozidi hapo ni shilingi 350. Kundi la T1 ni la matumizi ya kawaida, na kila yuniti ni shilingi 292. Juu ya hizo kuna kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya REA, ya umeme vijijini, asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1. Ukijumlisha, mteja wa D1 analipa shilingi 122 kwa yuniti, na wa T1 analipa kama shilingi 356. Ndiyo maana mtu mmoja akinunua umeme wa elfu kumi anapata yuniti 28, na jirani yake kwa elfu kumi ileile anapata zaidi ya 75. Watu husema luku ya fulani inakimbia. Mara nyingi haikimbii, bali wawili hao wako makundi tofauti.

Kaya inayotumia yuniti 60 kwa mwezi ikiwa T1 inalipa shilingi 21,374. Ikiwa D1 inalipa 7,320. Tofauti ni shilingi 14,000 kila mwezi, karibu 168,000 kwa mwaka, bila kuzima taa hata moja. Hakuna mita janja duniani itakayomwokolea mtu wa taa tano, televisheni na friji dogo kiasi hicho. Na kubadilishiwa kundi hakuhitaji mita mpya. Kunahitaji mteja aende ofisini, aombe, na historia ya manunuzi yake ionyeshe kwamba kweli ni mtumiaji mdogo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye nyumba ya kupanga.

Bariadi imekua haraka tangu Machi 2012, Simiyu ilipotangazwa mkoa na mji huu ukawa makao yake makuu. Watumishi walihamia, wafanyabiashara wakafuata, na vyumba vya kupangisha vikajengwa mitaa yote. Nyumba ya aina hiyo mara nyingi ina luku moja. Wapangaji huchangishana, na ugomvi wake unajulikana na kila aliyewahi kupanga: mwenye friji, mwenye pasi, yule anayelala na redio ikiimba, na yule anayesafiri wiki mbili kisha anaambiwa atoe mchango wake kamili.

Tuchukue nyumba ya wapangaji sita, kila mmoja akitumia yuniti 20 tu kwa mwezi. Hakuna hata mmoja ambaye mtu angemwita mtumiaji mkubwa. Lakini kwenye mita yao ni yuniti 120, nyumba imehesabiwa T1, na kwa pamoja wanalipa kama shilingi 42,750. Kila mmoja angekuwa na mita yake katika D1 angelipa 2,440, na wote sita 14,640. Yaani watu sita wenye kipato kidogo wanalipa ziada ya shilingi 28,000 kila mwezi kwa sababu moja tu, kwamba wanapita kwenye mita moja. Bei iliyowekwa kumsaidia mnyonge inampita mlangoni.

Kufunga mita janja kwenye nyumba hiyo hakutatibu chochote. Itahesabu yuniti 120 zilezile kwa uhodari zaidi. Kinachotakiwa ni mita nyingi, na hapo gharama ya kuunganishwa ndiyo inayoamua. Vijijini kuunganishwa ni shilingi 27,000. Mwenye nyumba huko akiongeza mita tano anatumia shilingi 135,000, nazo zinarudi kwa wapangaji ndani ya miezi mitano. Mjini kiwango kilichorejeshwa Januari 2022 kwa mteja asiyehitaji nguzo ni shilingi 320,960, na mita tano zinapita milioni moja na laki sita. Fedha hiyo ingechukua karibu miaka mitano kurudi. Simlaumu mwenye nyumba anayesita. Naona Serikali ingefanya jema kubwa kuliko mita janja kama ingeruhusu mita ya pili na ya tatu ndani ya jengo ambalo tayari lina umeme zifungwe kwa bei ya kijijini, maana waya umeshafika ukutani.

Jambo jingine linawahusu wakulima, na sijaona likizungumzwa vya kutosha. Simiyu ni nchi ya pamba. Msimu wa kuuza hufunguliwa Mei, fedha zinaingia kupitia vyama vya ushirika vya wakulima, AMCOS, na kwa wiki chache kaya ina uwezo ambao haitakuwa nao Desemba. Mtu mwenye busara hununua mahitaji ya miezi ijayo fedha ikiwepo, kama anavyoweka mtama ghalani kabla ya kiangazi kuuma. Yuniti za luku haziozi, kwa hiyo anaona ni sawa kununua nyingi mwezi Juni. Kumbe kwa mteja wa D1 hiyo ni hasara. Mfumo unapouza unahesabu yuniti ulizonunua ndani ya mwezi, wala hauna habari umezitumia lini. Ukinunua yuniti 225 Juni ukitegemea zikufikishe Agosti, 75 za kwanza unapewa kwa bei nafuu na 150 zilizobaki kwa shilingi 427 kila moja, kodi ikiwemo. Jumla shilingi 73,200. Ungenunua 75 kila mwezi kwa miezi mitatu ungelipa 27,450. Na juu ya kulipa zaidi, rekodi yako inaonyesha mtumiaji mkubwa, jambo linaloweza kukutoa kwenye kundi lako.

Hapa mita janja ina faida ya kweli, na ndiyo inayonifanya niitetee. Mita inayotuma matumizi ya kila siku inaweza kuonyesha kwamba kaya ile ilitumia yuniti 70 Juni, 72 Julai na 68 Agosti, hata kama fedha ililipwa siku moja. EWURA ikiamua, bei ya D1 inaweza kufuata matumizi badala ya manunuzi. Mkulima akaweka fedha yake kwenye mita wakati wa mavuno na akaendelea kulipa shilingi 122 hadi akiba iishe. Uwezo huo mita ya zamani haina kabisa. Lakini mita haitafanya hivyo yenyewe. Lazima kanuni iandikwe, na haitaandikwa kama wakulima wa Itilima, Maswa na Meatu hawatalisema jambo hili kwenye vikao vya wazi ambavyo EWURA huviitisha bei zinapojadiliwa.

Kuna pia suala la umeme mdogo. Kwa miaka mingi Simiyu ilipata umeme wake kwa njia ndefu za kilovolti 33 kutoka Shinyanga. Umeme unaosafiri mbali kwa msongo huo hufika umechoka. Saa mbili usiku taa zinafifia, friji linanguruma bila kugandisha, na kisha umeme unarudi kwa nguvu na kuunguza kitu. Njia ya kilovolti 220 na kituo cha kupoza umeme cha Imalilo, Bariadi, ni dawa ya tatizo hilo. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 halimsaidii mtu ambaye njia ya kumfikia ni nyembamba.

Sasa fikiria fundi cherehani au mwenye saluni ambaye kifaa chake kimeungua. Anakwenda kulalamika. Anaulizwa: una ushahidi gani kwamba umeme ulikuwa na hitilafu? Hana. Mita ya luku haikuandika chochote. Mita janja hupima na kuweka kumbukumbu ya volti kwa saa na dakika. Iwapo umeme uliotakiwa kuwa volti 230 ulishuka hadi 160 kisha ukapanda ghafla, kumbukumbu ipo. Kwa mara ya kwanza mteja anaweza kuwa na ushahidi uliotoka kwenye kifaa cha shirika lenyewe. Ila ushahidi huo unakaa kwenye kompyuta za shirika. Kama mteja hana haki iliyoandikwa ya kuuomba na kupewa, mita itakuwa imemshuhudia bila kumsaidia. Sharti langu la kwanza ni hilo: kila kaya iweze kuona na kuchukua taarifa zake, matumizi na volti, kwa simu ya kawaida ya vitufe, si kwa simu janja pekee.

Haki hiyo ina upande wa pili, wa siri. Matumizi ya saa kwa saa yanasema mengi kuhusu nyumba: watu wanaamka saa ngapi, wiki gani hawapo, biashara ya kusaga inaendeshwa usiku au mchana. Uholanzi, mwaka 2009, Seneti ilikataa kuzifanya mita hizi za lazima kwa sababu hiyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ina tume ya kuisimamia. Matumizi ya umeme ya kaya yako ni taarifa binafsi, na nani anayaona na kwa kazi gani ni swali halali kumuuliza fundi anayekuja na mita mpya, naye akupe jibu la maandishi.

Mita imewahi pia kugeuzwa mkusanyaji wa madeni mengine. Hadi mwaka 2016 mteja wa T1 alikatwa shilingi 5,520 za huduma kila mwezi, zikaondolewa. Agosti 2021 kodi ya jengo ikahamishiwa kwenye luku, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa. Julai 2023 ikapanda kuwa 1,500 na 7,500. Kodi ni ya mwenye jengo, lakini anayekatwa ni anayenunua umeme, na mpangaji asiyejua sheria akailipa bila kurudishiwa. (Kodi hiyo ni ya jengo, si ya mita. Mwenye mita kadhaa kwenye jengo moja ahakikishe anakatwa kwenye moja tu.) Mita ambayo ofisi inaweza kuizima na kuiwasha kwa mbali inarahisisha makato ya aina hiyo mara dufu. Tusipoweka mipaka mapema, kila anayedai atatamani kupitia hapo.

Majira ya baridi ya mwaka 2022 kuingia 2023 yaliwafundisha Waingereza somo hili kwa uchungu. Kampuni za umeme na gesi ziliwahamishia wateja wenye madeni kwenye malipo ya kabla, wengine kwa amri ya kompyuta bila mtu kugonga mlango, na asiye na fedha akakaa kwenye baridi. Februari 2023 msimamizi wa sekta hiyo, Ofgem, alilazimika kusimamisha ulazimishaji huo. Sisi malipo ya kabla tunayo tayari, lakini uwezo wa kuzimwa kwa mbali ni mpya kwetu kwenye umeme wa gridi. Wanavijiji waliochukua sola za mkopo wanaujua: siku ya malipo ikipita, taa inafungwa kutoka mjini. Kwa hiyo sharti la pili ni kanuni inayosema mteja atazimwa kwa sababu zipi, baada ya taarifa ya siku ngapi, na ni nyumba zipi hazizimwi kwa mbali kamwe. Zahanati, na nyumba yenye mgonjwa anayetegemea mashine, ziwe za kwanza.

Sharti la tatu ni la mtandao. Mei 2021 mfumo wa kuuza luku uliharibika kwa siku kadhaa, watu wakapanga foleni ndefu kwenye ofisi za TANESCO nchi nzima, hadi waziri wa nishati wakati huo, Medard Kalemani, akaingilia kati. Hiyo ilikuwa kwa mita zisizohitaji mtandao wa simu nyumbani. Kuna vijiji vya Meatu na Itilima ambako mtu hupanda kichuguu ili apige simu. Mita itakayofungwa huko lazima iendelee kukubali tokeni za namba 20 kwa kubonyeza, kama zamani. Usikubali kuondolewa mita inayofanya kazi ukapewa isiyo na njia hiyo ya akiba.

Kuhusu gharama nitasema kwa ufupi. Mita ni mali ya shirika, wewe umekabidhiwa tu. Faida kubwa ya mita janja pia ni ya shirika: kuona wizi wa umeme, kujua transfoma ipi imezidiwa, kuacha kutuma gari kilomita 60 kwenda kutazama fyuzi. Ni faida halali na nzuri kwa nchi, lakini anayefaidika ndiye alipe. Akija mtu mlangoni anataka fedha ili akubadilishie mita, mwombe kitambulisho na upige simu ofisini kwanza. Vishoka hawajawahi kukosa kazi kila teknolojia mpya inapoingia.

Kuna watakaosema haya yote ni mapema kwa mkoa wenye watu 2,140,497 kwa sensa ya 2022, ambao wengi wao bado wanapikia kuni. Mimi naona kinyume. Serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo 2034. Jiko la presha la umeme la wati 1,000 likifanya kazi saa nzima bila kupumzika linakula yuniti moja, na kwa kuwa hupumzika likishapata moto, maharage ya familia huiva kwa chini ya hapo. Mwezi mzima wa maharage haufiki yuniti 30. Ndani ya D1 hizo hazifiki shilingi 3,700. Ndani ya T1 zinakaribia 10,700, na mama anarudi kwenye mkaa. Kwa kaya ya Simiyu, kupika kwa umeme kunawezekana au hakuwezekani kutegemea kundi lililoandikwa kwenye mfumo.

Basi mita janja ikifika mtaani kwenu, ipokee kwa masharti niliyotaja, na yaseme kwa sauti, kwenye mkutano wa mtaa na kwa EWURA CCC, baraza lililowekwa kwa ajili ya watumiaji. Ila usikae kuisubiri. Wiki hii fungua ujumbe wako wa manunuzi ya luku wa miezi sita, gawanya fedha uliyolipa kwa yuniti ulizopata, ukiondoa kodi ya jengo. Ukipata shilingi 356 na matumizi yako ya mwezi hayafiki 75, nenda ofisi ya TANESCO iliyo karibu nawe na namba ya mita yako mkononi, uombe kuhamishiwa D1.